Ng'ombe Aliyeahidiwa Mara Mbili

Dongobesh, Mbulu
Jumapili, 9 Machi 1975

Mpendwa dada Ludovika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako tu na baridi ya huko Gitting.

Dada, Zita amejifungua. Nilitaka kuanza na habari za mvua kama kawaida yangu lakini kalamu imekataa. Ni Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, katika hospitali ya misheni. Mtoto wa kike, mzima, kilo tatu kasoro kidogo. Miaka kumi na moja ya ndoa, na wale watatu tuliowazika kabla hawajamaliza wiki, na leo kuna mtoto analia ndani ya nyumba yangu. Tangu Operesheni Vijiji ituhamishie huku barabarani nyumba zetu zimepangwa mstari mmoja, basi hata jirani wa nne anamsikia, na hakuna aliyelalamika. Wanakuja na uji, wanakuja na kuni, wanakaa mpaka Zita anasinzia mbele yao.

Sasa kuna jambo dogo. Doa, yule ng'ombe wako mwekundu uliyemweka kwangu mwaka ule wangu walipokwisha kwa ugonjwa, ni mzima na ananona. Maziwa tunakunywa, samadi inakwenda shambani, na kama desturi inavyotaka sijamwambia mtu yeyote kwamba ni wako. Kijiji kizima wanajua ni wangu. Naomba hivi: uniachie Doa awe wangu kabisa, nami nikupe maksai wangu wawili pamoja na mtamba mmoja. Sababu nitakueleza siku nyingine, leo karatasi ni ndogo.

Naomba unijibu mapema. Barua mpe utingo wa basi la Katesh, ananifahamu.

Ni mimi mdogo wako,
Nicodemo

*

Gitting, Hanang
22 Machi 1975

Mdogo wangu Nicodemo,

Milele, Amina. Marahaba.

Barua hii naiandika mwenyewe, uone. Mwalimu Emilian wa kisomo cha watu wazima amekagua herufi tu, maneno ni yangu, na makosa pia ni yangu.

Barua yako ilinikuta napepeta maharage. Nilipiga vigelegele ungo ukiwa mkononi, maharage yote yakamwagika, na kuku wangu wakafanya sikukuu katikati ya Kwaresima. Majirani walikuja mbio wakidhani nimeungua. Nikawaambia, ndugu yangu amepata mtoto. Wakaniuliza, yule wa Dongobesh? Nikasema kwani nina mwingine? Tukakaa chini tukalia, halafu tukacheka, halafu tukaokota maharage yaliyobaki. Nicodemo, nimefurahi sana.

Sasa wewe na hilo jambo lako dogo. Maksai wawili na mtamba kwa ng'ombe mmoja ambaye kila barua unamsema kwamba anapiga teke ndoo? Na plau atavuta nani, Zita? Mtu mwenye akili zake habadilishani hivyo. Kama ni mambo ya kijiji kipya, kwamba mwenyekiti anahesabu mifugo na wewe umeshikwa na hofu, sema wazi. Kama umeuza, sema wazi zaidi.

Lakini Doa sikupi. Usiniulize kwa nini. Na mimi karatasi yangu ni ndogo.

Tena umeniandikia uzito wa mtoto hukuandika jina lake. Anaitwa nani? Anabatizwa lini? Mimi ndiye shangazi, nataka kushona gauni.

Msalimie sana wifi yangu. Mwambie anywe supu ya moto, na hao wageni awafukuze.

Dada yako,
Ludovika, mjane wa Hhando

*

Dongobesh
6 Aprili 1975

Wifi yangu Ludovika,

Shikamoo. Nakuandikia bila mume wangu kujua. Yuko shambani.

Wifi, mtoto ana wiki tano na mdogo wako hajamshika hata mara moja. Usidhani natania. Anasimama mlangoni anamtazama. Akikohoa kidogo tu, Nicodemo anaacha chakula. Anakata kuni, anachota maji, ananipikia, kazi ambazo wanaume wengine hapa wangeona haya kuzifanya, na yeye anazifanya akiimba. Lakini nikisema mshike nikafue, anasema mikono yake ni michafu. Nikampa maji na sabuni. Akanawa mpaka kwenye viwiko, halafu akaenda kuangalia ng'ombe.

Jina hasemi. Katekista amekuja mara mbili kuandikisha ubatizo, mara zote mbili mume wangu amesema bado kidogo. Bado nini? Mtoto anafumba ngumi na kuzifumbua na kucheka usingizini, na anaitwa Huyu.

Mimi nimewaza hivi: alitaka mvulana. Hasemi, ila nadhani ndiyo sababu. Nilikuwa nikilia mchana, sasa nimeacha kulia, nimeanza kukasirika, na nafuu yake naiona. Kama amekuandikia neno lolote nakuomba uniambie. Huyu mtoto mimi namtaka kama alivyo, wifi. Ana masikio yako.

Wako,
Zita

*

Gitting
14 Aprili 1975

Nicodemo,

Salamu zako nitazileta baadaye.

Nimesikia kwamba mtoto humshiki. Usiulize nimesikia wapi, Gitting si mbali hivyo. Je, ni kwa sababu ni wa kike? Mimi ni wa kike. Nilikubeba mgongoni miaka miwili, na alama ya meno yako bado iko begani kwangu.

Nijibu kwa barua inayofuata, na usinizungushe. Nitakuja mwenyewe nikiona kimya, na unajua nikija siji na zawadi.

Ludovika

*

Dongobesh
27 Aprili 1975

Dada Ludovika,

Shikamoo, na unisamehe.

Si kwa sababu ni wa kike. Namwogopa Mungu, dada, na sasa nakueleza yote, maana nimechoka.

Zita alikaa na uchungu siku mbili. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Sista mkunga alikuwa akitoka, ananitazama, anasema bado. Jumapili mchana alitoka hakusema hata bado, alipita tu akikimbia. Nikapiga magoti pale pale sakafuni. Nikasema, Mungu wangu, nina ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, anakamuliwa asubuhi na jioni. Mpe Zita mtoto aliye hai, nami nitamleta ng'ombe huyo mimi mwenyewe mpaka mlangoni pa kanisa. Kabla sijasimama vizuri, nikasikia sauti ya mtoto.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia, nakwenda nyumbani kuchukua nguo, ndipo nikakumbuka kwamba Doa si wangu.

Wewe unaijua desturi yetu. Mtu akikuwekea ng'ombe, unamwita wako mbele za watu ili siri ya mwenyewe ikae. Miaka saba nimesema ng'ombe wangu, ng'ombe wangu, kwa majirani, kwa bwana mifugo, kwa katekista. Basi hata mbele za Mungu ulimi ukaenda huko huko. Nimemdanganya Yeye kwa mazoea.

Na kuna jingine ambalo sijawahi kulisema, hata kwa Zita. Wa kwanza alipozaliwa na homa nilimwahidi Mungu mbuzi. Wa pili, kondoo watatu. Wa tatu, madebe mawili ya ngano kila mavuno. Wote wakaondoka. Nikajua bei niliyotaja ilikuwa ndogo. Safari hii nikataja ng'ombe wa maziwa, na hapo hapo nikapewa. Je, hujaona? Bei ilikuwa ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe sikuwa naye.

Ndiyo maana nilitaka tubadilishane. Ukasema humtoi, nami sikuwa na uso wa kukusukuma. Sasa kila nikitaka kumshika mtoto naona kama nachukua kitu dukani ambacho sijakilipia, na mwenye duka ananitazama. Naogopa nikimzoea atakuja kumchukua. Nikimpa jina itakuwa nimekiri kwamba ni wangu. Basi namtazama kutoka mlangoni, dada, na nampenda mpaka kifua kinauma, ndiyo hali yangu.

Kama huwezi kunipa Doa, niambie nifanye nini.

Nicodemo

*

Gitting
11 Mei 1975

Mdogo wangu, mpendwa wangu Nicodemo,

Barua hii Mwalimu Emilian hajaiona wala hataiona. Ukikuta herufi mbaya, vumilia.

Nilipofika pale uliposema njiani ukakumbuka Doa si wako, nilicheka peke yangu mpaka mbwa akatoka nje. Halafu nikasoma habari za mbuzi na kondoo na madebe, sikucheka tena. Nimekaa na barua yako siku tisa. Sasa nakwambia nami siri yangu.

Uliponiandikia mwezi wa kumi kwamba Zita ana mimba tena, nilikwenda kanisani nikasema: Mungu, mdogo wangu ameumia vya kutosha. Mpe mtoto, nami nitakupa Doa. Ndiyo, Doa yule yule. Ndiyo maana nilikukatalia. Nilikuwa nangoja siku ya ubatizo nije nimchukue, na nilikuwa sijui nitakuangalia vipi nikitoa maziwa nyumbani kwako mtoto akiwa mdogo. Ulipomtaka awe wako kabisa, nikasema haya ndiyo majaribu yenyewe.

Basi hebu tukae chini tufikiri, mimi na wewe. Ng'ombe ni mmoja. Aliyeahidi ni wewe, na aliyeahidi ni mimi. Mtoto amekuja. Kama Mungu ameuza, amemuuzia nani? Wewe ulikuwa huna mali, mimi nilikuwa nayo na sikuitoa. Ng'ombe yuko kwako anakula nyasi. Mimi nimekwenda mnadani Katesh miaka mingi, sijaona mwenye mali wa namna hii, anayekabidhi kwanza, tena kwa watu wawili wasiokuwa wamesikilizana, halafu haulizi. Huyu hakuwa anauza, Nicodemo. Tulikuwa tunapiga kelele za mnada nje ya nyumba ya mtu anayetuandalia chakula.

Sasa nitaandika jambo gumu. Hhando alipougua kifua, nilimwahidi Mungu ng'ombe wawili wakubwa. Wangu kabisa, si wa kuwekewa. Hhando akafa siku ya Alhamisi. Miaka sita nimejiambia, Ludovika, ungetaja watatu. Ungetaja wote. Ulikuwa mchoyo, na uchoyo wako umemzika mumeo. Wale ng'ombe wawili walipokuwa wakirudi jioni nilikuwa nawachukia, na wao wanajua nini, ni ng'ombe tu. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kama mwizi.

Nikasoma kwako: nikajua bei ilikuwa ndogo. Nicodemo, nilipoona maneno hayo yameandikwa na mtu mwingine ndipo nilipoyaona yalivyo. Kwako wewe nikasema papo hapo, kwa sauti, hapana. Mungu hakumtazama mbuzi wako akasema amekonda, basi mtoto afe. Hayuko hivyo. Na kama kwako hayuko hivyo, basi hata kwangu hakuwa hivyo. Hakukaa juu ya Hhando wangu akingoja ng'ombe wa tatu. Kwa nini Hhando alikufa, sijui. Lakini si kwa bei. Nimelia, mdogo wangu, kilio kizuri, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Kumbuka na hili. Mwaka ule ng'ombe wako walipokwisha, je, uliniomba Doa? Hukuomba. Nilisikia tu kwamba zizi lako liko tupu, nikamtoa. Miezi miwili baadaye ukaja kwa miguu mpaka hapa na mzinga wa asali, unataka kunilipa. Nilikasirika siku tatu, Hhando akicheka. Uliniudhi kwa sababu uligeuza undugu wangu ukawa duka. Kama mimi Ludovika, na hasira zangu hizi unazozijua, naweza kumtoa ng'ombe bila kulipwa, unadhani Yeye ananishinda kwa ubahili?

Mshike mtoto. Usinijibu kwanza, usimtafute padre kwanza, usifikirie ng'ombe. Weka barua hii chini uende ukamshike.

Dada yako anayekupenda,
Ludovika

*

Dongobesh
25 Mei 1975

Mpendwa dada,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kwa mikono miwili.

Utingo alinipa barua yako barabarani, nikaisoma nimesimama zizini. Zita alikuwa bombani, mtoto amelala ndani. Nilipofika pale uliposema weka barua chini, niliiweka kweli, juu ya mgongo wa Doa, na nusura ailambe. Nikaenda. Mtoto alikuwa ameamka anaangalia dari. Nikapiga magoti kando ya kitanda maana sikujua kumwinua kunaanziaje. Nikaingiza mkono mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya makalio, kama ninavyowaona wanawake, nikamwinua. Ni mzito, dada. Miezi yote hii nilidhani ni mwepesi. Akaniangalia kwa ukali kama wewe, kisha akanikojolea shati lote mpaka kwenye mkanda, nami nikakaa pale sakafuni nimelowa, nacheka na kulia.

Zita aliporudi alikuta hali hiyo. Alitua ndoo, akaketi mbele yangu, akanitazama. Ndipo nikamweleza yote: benchi, Doa, mbuzi, kondoo, madebe, na nadhiri yako pia. Alinipiga begani kwa ngumi, si polepole, akasema, "Mimi nalia huku nadhani unataka mvulana, kumbe wewe na dada yako mko mnadani."

Nikamuuliza, "Na wewe ulimwahidi nini?"

Akanishangaa. Akasema, "Mimi? Siku ile? Nani ana nguvu za kuahidi wakati ule? Sikuwa na kitu mkononi isipokuwa chuma cha kitanda. Nilimwambia usiniache. Basi. Nilisema hivyo siku mbili, usiniache, usiniache."

"Na wale watatu wa kwanza?"

"Niliwaombea vilevile," akasema. "Na hakuniacha, Nicodemo. Wao walikwenda, lakini mimi hakuniacha. Vinginevyo unadhani niliamkaje asubuhi?"

Dada, miaka kumi na moja nimelala kando ya mwanamke huyu, na mimi ndiye ninayesoma masomo kanisani, na sikujua kwamba anajua kusali.

Mtoto anaitwa Letisia. Zita alikuwa amelichagua jina siku nyingi, alikuwa ananingoja mimi. Nimekwenda kwa katekista mwenyewe, tumeandikisha: ubatizo ni tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Shona gauni. Pima kwa mtoto mnene.

Mdogo wako,
Nicodemo, baba Letisia

*

Hospitali ya misheni
Jumapili, 6 Julai 1975

Dada,

Naandika haraka, kuna mtu anakwenda Katesh sasa hivi. Letisia ana homa kali tangu juzi. Wamemchoma sindano, anapumua kwa shida. Zita yuko ndani naye. Mimi niko kwenye benchi lile lile.

Nakwambia ukweli. Mdomo wangu umeanza wenyewe: nina maksai wawili. Nikaufunga kwa mkono, mtu aliyepita alidhani nataka kutapika. Nimejaribu kusali bila kutaja kitu na nimeona ni vigumu kuliko kulima. Mikono inatafuta cha kushika. Nimesema tu usituache. Nimelisema neno la Zita, maana langu sina. Nasema, nanyamaza, nasema tena.

Naogopa, dada, lakini hofu ya leo si ile. Ile nilikuwa namwogopa Yeye. Leo naogopa nikiwa naye.

Uje kama unaweza.

N.

*

Dongobesh
15 Julai 1975

Mpendwa dada Ludovika,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba magoti yamepoa. Zita anasema nyumba imekuwa kimya mno tangu uondoke jana, hakuna wa kutugombeza.

Ulimwacha Letisia akiwa na nafuu, leo nakuandikia kwamba ni mzima kabisa. Asubuhi amenyonya mpaka amechoka yeye, si mama yake. Mchana nilimbeba tukaenda kuwaangalia maksai wakila, akamshika mmoja sikio, maksai akavumilia. Jirani akanifokea kwamba mwanaume hatembei na mtoto kifuani barabarani. Nikamwambia aje ajaribu, kuna joto zuri.

Siku ile hospitalini ulikuwa unataka kuniuliza kitu, nikakuona unakimeza. Nadhani nakijua. Usiniulize kama amepona kwa sababu safari hii sikutaja ng'ombe. Nikianza kuhesabu hivyo nitakuwa nimerudi mnadani kwa mlango wa nyuma, na kutokuahidi ndiko kutakuwa bei yangu mpya. Amepona. Sindano ilikuwa nzuri, masista ni hodari, na Mungu alikuwa pale. Kama asingepona pia angekuwa pale, na mimi ningelia mpaka nipasuke, naye asingeondoka. Hili si rahisi kuliandika, lakini naliandika.

Jambo moja limebaki. Nimemuuliza padre kuhusu nadhiri yangu. Amecheka, akasema mtu hawezi kumpa Mungu ng'ombe wa dada yake. Lakini yako wewe, dada, ilikuwa ya ng'ombe wako. Mimi niko tayari. Ukisema Doa aende, namfunga kamba kesho na ninampeleka kanisani nikiimba, si kwa kulipa. Nimempenda pia, na mateke yake yote.

Mdogo wako,
Nicodemo

*

Gitting
26 Julai 1975

Mdogo wangu Nicodemo, na Zita, na Letisia wangu,

Marahaba, marahaba. Magoti hayajambo. Basi lilituangusha mara moja tu, tukalisukuma, tukafika.

Hilo swali nililolimeza ndilo hilo hilo uliloliandika. Nimefurahi sikulitoa.

Habari ya Doa nimekwenda kwa padre wetu wa huku, nimemweleza tangu mwanzo mpaka mwisho, na foleni ya kitubio nyuma yangu ilikuwa ndefu na watu wakaanza kukohoa. Amenifungulia nadhiri yangu. Akasema nifanye kwa furaha ninachoona moyo wangu unataka. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikafikiri, na moyo wangu ukasema hivi. Doa ni wa Mungu, tangu alipozaliwa alikuwa wake, hata mimi nilikuwa mfugaji tu. Sasa Mungu amemweka nyumbani kwenu. Maziwa ni ya Letisia, samadi ni ya shamba. Na kama desturi inavyotaka, mwenye ng'ombe asitajwe ovyo. Majirani wakiuliza, endelea kusema ni wako, Yeye haudhiki.

Gauni limekwisha. Ni jeupe, lina lasi shingoni, na nimelipima kwa mtoto wa jirani ambaye ni mnene kama ulivyoagiza. Nitakuja tarehe 13. Nakuja na viazi gunia moja na ndizi na wajane wenzangu wawili ambao wamesema hata ukiwakataza watakuja, wanataka kumwona mtoto wa barua. Nimewasomea barua zako zote. Usikasirike. Ile ya benchi tuliisoma mara mbili, na mmoja wao, ambaye alizika mwanawe mwaka jana, aliomba niirudie mara ya tatu.

Nimekwenda kwenye kaburi la Hhando. Miaka sita nilikuwa naenda pale kumwomba msamaha. Safari hii nimempa habari za Letisia, na namna ulivyokojolewa, na nimekaa pale nimenyoosha miguu kama nilivyokuwa nakaa naye zamani. Nilipoondoka niligundua kwamba sikuomba msamaha wowote.

Sasa nikwambie ya leo asubuhi, halafu nimalize maana mwalimu anataka kalamu yake. Niliweka uji motoni, nikapiga magoti nisali kama siku zote. Nikatafuta cha kuahidi, sina. Nikatafuta cha kuomba, nikakuta mengi niliyoyataka ninayo, na mengine siyataki tena sana. Mdomo ukakosa kazi. Nikaogopa kidogo, nikasema, sasa tutaongea nini sisi wawili? Hakujibu. Nikakaa. Jogoo akawika, ukungu ukaondoka mlimani, jua likaingia mlangoni likanifika miguuni, na mimi nimekaa naye tu, kama watu waliozeeka pamoja. Sijui ni muda gani. Ni uji ulionishtua, ulikuwa umeungua mpaka chini.

Nimeula hivyo hivyo, nikicheka.

Dada yenu,
Ludovika